Mwosha Aliyesomewa Khitma

Dar es Salaam
Jumapili, 4 Septemba 2022

Kwa Shangazi yangu Bi Mwanamkasi binti Jaku, Michenzani, ghorofa ya tatu.

Shikamoo Shangazi. Natumai magoti yametulia na zile ngazi hazikutesi sana. Mimi mzima, nakula, nalala, sala sijaacha. Nisalimie Bashira wa mlango wa pili, mwambie deraa alilonishonea nimelivaa sku ya kwanza ya kupigwa picha na kila mtu kaniuliza fundi nani.

Usishangae kuona barua. Tulipoingia tu kwenye nyumba ya mashindano simu zetu zikakusanywa. Mpaka mtu atolewe, hapigi wala hapigiwi. Barua zinaruhusiwa, na Nadra, mtayarishaji wa kipindi, kaahidi hatazifungua. Abdulrazak wa kwenye boti kakubali kuwa tarishi wetu. Yako mpe yeye, ataifikisha mpaka getini.

Kipindi kinaitwa Moto na Mwiko. Tuko wapishi kumi na wawili, kila wiki anatoka mmoja, na watu majumbani wanapiga kura. Kamera ziko kila mahali, hata kwenye karo la kuoshea vyombo. Chakula kizuri peke yake hakitoshi, wanataka na hadithi: umejifunza wapi, nani alikufunza, umepita mateso gani. Kuna kaka wa Tabora akihadithia utoto wake hata mpiga picha analia.

Na mimi nimesema yangu. Nimesema boko-boko nimefunzwa na wewe. Ukisikia maneno mengine usiyatie moyoni, huku mambo hukatwa na kuungwa. Najua televisheni yako imekufa tangu Ramadhani, wala usihangaike kuitengeneza kwa ajili yangu.

Niombee dua.

Mwanao,
Khairiya

*

Michenzani
Jumanne, 20 Septemba 2022

Khairiya binti Mahfoudh,

Marahaba. Magoti yangu mazima. Bashira anakusalimia. Salamu zimekwisha.

Juzi Jumapili alfajiri walinifuata watu wa Jang'ombe, wamefiwa na bibi yao. Simu nilikuwa nimeinyamazisha tangu usiku, nikaiacha kwenye chaji, nikachukua mkoba wangu wa kafuri na majani ya mkunazi, nikenda. Chini nikakutana na Mzee Borafya anatoka msikitini, tukasalimiana vizuri tu. Bibi wa watu nimemuosha, nimemvisha sanda, saa nne nikarudi.

Napanda ngazi, nasikia Yasini. Nikajiambia, lo, kuna msiba jumbani na mimi mwosha sina khabari! Nani tena, maskini? Ghorofa ya pili nikakuta viatu. Ghorofa ya tatu viatu mpaka mlangoni kwangu, na mbuzi kafungwa kwenye chuma cha ngazi. Mbuzi, Khairiya.

Binamu yangu Mkubwa kaja kutoka Makunduchi na gari la kukodi, watu kumi na wanane, na mihogo na nazi za khitma. Wamekusikia Jumamosi kwenye televisheni ukisema "marehemu Shangazi yangu Bi Mwanamkasi", wakanipigia usiku kucha, simu haijibiwi. Wakasema basi, ndugu yetu kafa, kazikwa na watu wa mjini, sisi wa shamba hatukuambiwa. Wamekuja na kilio na hasira pamoja. Na nani kawafungulia? Borafya! Borafya aliyenisalimia alfajiri na macho yake mawili! Kafungua kwa ule ufunguo wa akiba nliomwekesha. Nimemuuliza, mzee, si tumeonana leo? Kasema, "Tumeonana, Bi Mwanamkasi, lakini televisheni imesema."

Wa kwanza kuniona ni Ubwa, mke wa Mkubwa. Mimi nimesimama mlangoni, kanga imerowa, nanuka kafuri. Kapiga ukelele, kaanguka juu ya sinia la kahawa. Wengine wakainuka na misahafu mikononi. Nilidhani watafurahi. Mkubwa kanitizama toka juu mpaka chini, kaona aibu mbele ya watu wake, kasema, "Kwa hiyo sisi hii khitma tunamsomea nani?" Walikuwa wamebakisha juzuu nane. Sheikh kauliza waendelee ama waache. Nikamwambia malizieni, n'taihitaji tu.

Nikakaa jikoni kwangu, nikasomewa khitma yangu, nikawapikia mbuzi wangu.

Baadae mtoto wa Ubwa kanionesha kwenye simu. Ni wewe khasa. Unakoroga boko-boko, machozi yanakutoka, unasema, "Kabla hajafa alinishika mkono akaniambia, mwanangu, usiuache mwiko." Mimi nimesema hivyo lini? Nlilokwambia mimi ni usikoroge kama mtu anayefukuza nzi.

Nimeosha maiti miaka thelathini na moja. Mama yako nimemuosha mimi, na wewe una miaka saba, umesimama nje ya pazia unatuchotea maji kwa lile kopo la bati. Pazia hukuwahi kulivuka, wala sikukulazimisha. Lakini sku ya kuondoka ulinishika mikono hapa kwenye kiti, ukasema, "Shangazi, wewe sku yako ikifika, n'tavuka, n'takuosha mwenyewe, asikuguse mtu." Nikalia. Mimi silii ovyo.

Sasa umeniua, na kuniosha hukuniosha.

Nataka kitu kimoja. Mdomo huo huo, televisheni hiyo hiyo, useme Shangazi yangu yuko hai. Mpaka hapo hatuna mazungumzo.

Mwanamkasi binti Jaku

*

Dar es Salaam
20 Novemba 2022

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Vipi khali yako, vipi nyumba? Mpe pole Bi Ubwa. Mimi nimetolewa wiki iliyopita, nimekuwa wa tatu. Simu nimerudishiwa. Nimekupigia mara arubaini. Abdulrazak kanambia simu yako nzima, inaita, na wewe unaitizama tu.

Sijui nianzie wapi. Wallahi si mimi, Shangazi. Ni wao. Walinikalisha kwenye kiti, taa zimenielekea usoni, wakaniambia hadithi yako haina chumvi, mlezi wako angekuwa amefariki ingegusa watu. Nikakataa. Wakasisitiza. Nilikuwa na njaa ya kushinda na usingizi wa sku mbili, nikasema mara moja tu, nikidhani watakata. Hawakukata.

Kukanusha siwezi sasa hivi. Nimetia saini mkataba, mwaka mzima siruhusiwi kusema lolote juu ya yaliyotokea mle ndani. Mwaka ukisha n'takwenda popote, n'tasema.

Nimepata kazi kwenye jiko la hoteli, Masaki. Kuja nyumbani nitakuja, ila si sasa. Watu wananijua barabarani, wananipa pole ya msiba. Nawajibu ahsante.

Ni mimi,
Khairiya

*

Michenzani
18 Disemba 2022

Khairiya,

Barua nimepata. Mvua za vuli zimekuja vibaya, ukuta wa chumba chako umetota, nimesogeza kitanda.

Simu usipige. Maiti hapigiwi simu.

Mwaka mmoja si mrefu. Nangoja.

M.

*

Dar es Salaam
13 Agosti 2023

Kwa Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwa Abdulrazak kwamba ukuta umekauka na kwamba Bashira sasa anafuatana nawe kwenye kazi. Ana moyo yule.

Televisheni umepata? Nimemwambia Abdulrazak aifunge vizuri na magodoro. Ni kubwa kidogo, ukutani pale penye kalenda itakaa.

Shangazi, wameniita tena. Msimu wa pili, na safari hii ni wale watatu wa juu pamoja na wapya. Najua la kwanza utakalouliza. Mwaka haujesha, umebakisha wiki chache, na mkataba mpya umesainiwa juu ya ule wa zamani. Lakini nikiwa ndani ndio nafasi inapatikana! Nje nani atanisikiliza? Nikipata nafasi tu, naweka sawa. Nakuahidi.

Kwa sasa naomba subira yako, na jengine dogo. Akija mtu wa magazeti kugonga mlango, usimfungulie. Mwambie Bashira aseme hujui kitu. Yaani aseme hayupo mtu. Unanielewa, Shangazi, si kwa ubaya.

Simu zinachukuliwa kesho.

Khairiya wako

*

Michenzani
29 Oktoba 2023

Khairiya,

Sisi wazima. Mzee Borafya anaumwa mgongo. Bashira kaposwa, mchumba ni kijana wa Fumba, anaonekana mtulivu. Karafuu za Pemba mwaka huu wanasema nyingi.

Televisheni nimeitundika penye kalenda, kama ulivyosema. Jumamosi tulikuwa watu tisa sebuleni. Nimepika visheti, nimevaa, nimejitia manukato. Nikasema leo ndio leo, mtoto ataniweka sawa mbele ya nchi nzima.

Nimekuona na aproni nyeupe. Pembeni yako kiti kitupu. Juu ya kiti picha yangu. Mbele ya picha mshumaa. Mshumaa, Khairiya! Tangu lini watu wetu tukawasha mshumaa mbele ya maiti? Kama umeamua kuniua, si uniue Kiislamu? Wageni wangu visheti vimewakwama. Bashira kaenda kuizima, nikamwambia acha, nataka kuona naingia peponi ama siingii.

Umekuwa wa pili. Hongera.

Televisheni umeniletea mwenyewe, nikae kwenye kiti changu nijitizame nilivyokufa.

Sasa nina swali. Picha ile ni ya umra, niliyopigwa na marehemu kaka yangu baba yako, iko moja tu duniani. Ilikuwa ndani ya msahafu wangu. Nimeitafuta zaidi ya mwaka, nikamshuku mpaka fundi wa bomba, masikini wa Mungu. Uliichukua kabla ya kuondoka mara ya kwanza, kabla hujakalishwa kwenye hicho kiti cha taa. Uliichukua ya nini?

Na ujue na hili. Wiki iliyopita wale wale wa Jang'ombe wamefiwa tena. Hawakuniita. Nimekutana na binti yao sokoni, kaona haya, kasema, "Bi Mwanamkasi, usituone vibaya, watu wanasema ni nuksi maiti kuoshwa na mtu ambaye khitma yake imeshasomwa." Wamemwita mwengine, hajui hata kukunja sanda.

Miaka thelathini na mbili ndio kazi yangu, sijui nyengine.

Mwanamkasi

*

Dar es Salaam
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwaka mzima sijakuandikia. Sitatafuta maneno. Kila nikishika kalamu nakuta lile swali la picha, naiweka chini.

Hongera kwa harusi ya Bashira, nimeona video. Umepungua. Unakula lakini?

Nina khabari njema, na safari hii njema kweli. Msimu wa tatu umeanza, ni washindani wa zamani watupu, na n'takwenda kusema ukweli! Nimemwambia Nadra kila kitu. Nilidhani atanifukuza. Kasema basi tuseme, tena tuseme vizuri, kwenye kipindi cha mwisho, watu wote wasikie. Wameshaanza kutangaza: "Khairiya na siri ya miaka miwili." Umeona kwenye televisheni?

Nadra atakuja Unguja kukuona. Mpokee, ni mtu mwema. Ana wazo lake, atakwambia mwenyewe. Zawadi safari hii ni nyumba, Shangazi, zile mpya za Fumba, mwenyewe mshindi anachagua. Nimeshakuchagulia chumba cha chini, hakuna ngazi hata moja.

Ninachokiomba kwako ni radhi yako tu. Bila ya radhi yako hata chumvi sitajua kutia.

Khairiya

*

Michenzani
2 Disemba 2024

Khairiya,

Nakula. Nimepungua kwa sababu ya umri.

Nadra wako kaja Alkhamisi, kapanda ngazi zote na viatu virefu, maskini, nikampa maji ya ndimu. Ni kweli ana adabu. Wazo lake ni hili: sku ya kipindi cha mwisho mimi niwe nyuma ya pazia. Wewe utie chozi, useme Shangazi yangu yuko hai, muziki upigwe, pazia lifunguke, nitoke mimi na mikono mbele. Nimemuuliza pazia la rangi gani. Kasema jeupe.

Mimi nyuma ya pazia jeupe najua anakaa nani. Nikamwambia hapana.

Kajaribu kunilainisha. Kasema, "Bi Mwanamkasi, usiwe na kinyongo nasi, sisi kumwambia aseme umekufa hatukumwambia, tulikuwa hatujui." Nikamwambia wee, usimsingizie mtoto wangu. Kafungua begi, katoa fomu.

Khairiya, hati yako naijua. Nimekushika mkono mimi ukiandika alifu yako ya kwanza, na nimekushika mkono ukiandika a, e, i, o, u. Wameuliza: mtu aliyekulea. Umeandika jina langu vizuri, hukukosea. Kazi yake: umeandika mama wa nyumbani. Yuko wapi: umeandika amefariki.

Chini kuna tarehe. Sku ile naikumbuka. Ulikuwa mezani kwangu baada ya laasiri, kalamu yako imekwisha wino, ukaniomba yangu. Nikakuuliza unaandika nini. Ukasema fomu ya mashindano, Shangazi, niombee dua. Nikakupa kalamu. Nikaenda kutawadha, nikakuombea.

Kwa hiyo hapakuwa na taa usoni, wala usingizi wa sku mbili. Palikuwa na mimi, chai yako, na kalamu yangu.

Kuniua nimejaribu kukufahamu, mtu anaweza kusema mtoto kataka ushindi. Lakini mama wa nyumbani? Maiti ana haja gani ya kufichiwa kazi yake?

Nijibu hilo. Mengine nyamaza.

Mwanamkasi binti Jaku

*

Dar es Salaam
19 Januari 2025

Shangazi,

Nimeshinda. Nakwambia mwanzo ili nisikae nalo. Nimeshinda jana, na leo asubuhi nimelia mpaka mwenzangu wa chumba kamwita daktari.

Umeuliza, najibu.

Unakumbuka Idi ile, niko darasa la sita, skuli zilipofunguliwa ulinipa sinia la visheti nipeleke? Nimefika, wakauliza umepika wewe? Nikasema kapika Shangazi. Msichana mmoja, namkumbuka jina lakini simtaji, kasema, "Mikono ile ile?" Basi. Sinia zima limerudi, hakuna aliyegusa. Nimekaa chini ya ngazi yetu, nimekula visheti kumi na viwili peke yangu, vyengine nikavitupa, nikaja nikakwambia vimependwa. Ulifurahi, ukanifungia vyengine sku ya pili.

Toka hapo nimejua. Nikipika, watu wakijua nimefunzwa na nani, sahani zitarudi. Fomu ilipouliza, nikaona ningesema u hai wangekuja kukupiga picha, wangekuuliza kazi, na wewe ungewajibu tena kwa sauti kubwa, kwa sababu hujawahi kuona haya. Mwenye haya ni mimi. Nikaona kufa ni rahisi zaidi. Mtu akifa hawamuulizi. Picha nimeichukua nikijua wataitaka. Barua ile ya kusema ni wao nimekudanganya. Niseme mangapi? Yote uliyoyadhani ni kweli.

Jana nimesema. Nimesema Shangazi yangu yuko hai, yuko Michenzani, anaosha maiti, na mikono iliyonifunza boko-boko hii ndio inayowastiri wanawake wa mji mzima. Jaji mmoja kaweka kijiko chini. Halafu kakichukua tena, kala, wote wakala, watu ukumbini wakasimama. Shangazi, wamekula! Mikono yako ile ile, na wamekula.

Nyumba ya Fumba ni yako. Bashira ataweza kukutembelea kila sku, si yuko huko huko. Radhi yako sikuipata, nimeshinda bila yake, na ushindi wenyewe hauna ladha. Nakuja mwezi huu nikuombe kwa magoti. Na ile ahadi yangu naikumbuka. N'tavuka pazia. Nambie tu kwamba bado ni mimi.

Khairiya

*

Michenzani
Jumatatu, 24 Februari 2025
Mwezi wa Shaaban, unakaribia kwisha

Khairiya mwanangu,

Waalaikumu salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mzee Borafya katutoka wiki mbili nyuma, Mungu amrehemu, na safari hii nimewasubiri wamtoe ndio nikaamini. Bashira mjamzito, anakula udongo, nimemfokea.

Kipindi nimekitizama. Nilikuwa peke yangu, mlango nimefunga.

Umesema vizuri. Mara ya kwanza nilikufa, ukapata wa tatu. Mara ya pili nikawashiwa mshumaa, ukapata wa pili. Sasa nimefufuka, umeshinda. Sijui unaiona kama ninavyoiona mimi. Nilikwambia useme kwenye televisheni hiyo hiyo, kweli, nilisema mimi. Lakini miaka miwili na nusu nimengoja, na ukweli umekuja sku ulipotangazwa, umepigiwa muziki, umepigiwa kura. Mimi nimeupata pamoja na watu wa Tabora. Ungepanda zile ngazi sku moja, hata bila ya televisheni, ukanambia mezani, mimi ningeridhika. Na hilo hukulifahamu mpaka leo.

Tangu asubuhi yake watu wanagonga. Wanataka kupiga picha na mimi. Jana kaja mwanamke na binti zake kutoka Jang'ombe, kashika mikono yangu, kaitizama juu na chini, kasema, "Ndio hii?" Nikamwambia ndio hii, mama, miaka yote ndio hii, ulikuwa wapi. Na kazi wameanza kuniita tena, tena wengine wanataka mwosha wa kwenye televisheni. Astaghfirullah. Maiti si sherehe.

Nyumba ya Fumba kaa wewe. Mimi ngazi zangu nimezizoea.

Ile Idi naikumbuka. Ulidhani sikujua? Vile ulivyovitupa chini ya ngazi nilivifagia mimi, kabla hujaamka. Nikaja juu nikapika vyengine, nikakufungia, kwa sababu uliniambia vimependwa na sikutaka ujue kwamba najua. Nilidhani ukikua utakuja kunambia mwenyewe. Haya hiyo imekula miaka yako, na mimi nilikuwa chumba cha pili.

Ulifika tarehe thelathini, Abdulrazak kanambia. Ulisimama chini robo saa, ukarudi bandarini. Nilikuona dirishani. Sikukuita, na wewe hukupanda. Basi tumelingana.

Ramadhani inaingia, na mtu haingii mwezi mtukufu na fundo moyoni. Kwa hiyo sikiliza. Radhi yangu nakupa. Nimekupa mbele ya Mungu baada ya Ijumaa, sitaki ushukuru wala usiandike kwenye simu yako watu wasome. Nawe nisamehe kwa nilipokuwa mkali.

Lakini radhi ni jambo moja na kuosha ni jambo jengine. Wasia wangu nimeubadilisha, anao Bashira. Watakaoingia kuniosha ni yeye, Ubwa na Mwanapili wa ghorofa ya pili. Kushika mwili wa mtu ambaye hawezi kusema neno, hawezi kujifunika, hawezi kukanusha, hiyo ni amana, Khairiya, na mimi nimeshawahi kuwa maiti mkononi mwako.

Wewe utakaa nje ya pazia. Kopo la bati lipo, nimeliziba pale lilipovuja. Utachota maji kama ulivyomchotea mama yako, utayapitisha chini ya pazia, usichungulie. Kamera isipande ngazi.

Uyapashe moto kidogo. Ya baridi siyapendi, unajua.

Shangazi yako,
Mwanamkasi binti Jaku